Asiyepiga Hodi

Dukani, Kibwana alichagua bastola fupi kuliko zote, akajitazama nayo kwenye kioo, tumbo amelivuta ndani. Mkewe, Zuhura, alimtazama kama jogoo anayewika adhuhuri.

"Hii inaenea mfukoni," akasema Kibwana. "Atakayeingia kwangu bila hodi, nitammaliza."

"Baba Nasoro, mwanao uliyemfukuza huja kula jikoni wewe ukikoroma," Zuhura akasema taratibu. "Mtoto wa nyumbani hapigi hodi."

"Basi ajifunze."

Zuhura akaipima bastola kiganjani. "Nyepesi," akasema. "Kama mwenyewe."

Alipokwisha kulipa, Kibwana alirudi kwenye kioo kuweka kofia sawa. Zuhura akaitia bastola katika kapu lake la sokoni, akaifunika kwa mchicha, akatoka na kushika njia isiyokwenda nyumbani.