Mikono ya Nyirabageni

Nyirabageni alitembea kutoka Isingiro hadi Kamuli ili ampakate mjukuu wake wa kwanza. Binti yake akatoka na kichanga ndani ya kitenge.

"Mama, mpokee."

Alikwisha kunyoosha mikono kikohozi kilipombana, kikamkata pumzi, kikaishia kwa mlio mwembamba kooni.

Akakumbuka muuguzi alivyowaambia majirani zake wa Isingiro waliokohoa vivyo hivyo: vijidudu vya kifaduro hung'ang'ania njia ya hewa na kuitia sumu. Mtu mzima hukohoa akapona. Mtoto mchanga hushindwa kuvuta pumzi.

Akarudi nyuma hadi migombani, akajifunga kanga mdomoni.

"Mama, kulikoni?"

"Usinifuate, mwanangu. Mfunue uso tu, nimwone."

Binti akamfunua. Mtoto akapiga mwayo, na kule migombani bibi yake akawa anabembeza mikono mitupu.