Lango la Mwisho la Bata

Wiji alimpokonya Damar simu, akazima sauti.

"Mama! Bata alikuwa ananiuliza kitu!"

"Ndiyo maana nimezima."

Bata wa kwenye gemu alikuwa ameuliza ari-ari ya Damar ilizikwa wapi, ile kondo ya nyuma ambayo wazazi wa Java huifukia mlangoni na kuiwashia taa mtoto anapozaliwa. Muulize mama, bata alisema, kisha urudi tuwashe taa. Tangu lini bata akataka kujua mambo ya uzazi?

Tumini, jirani yake, aliyekuwa akikaanga tempe, vipande vya soya, barazani, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Mbak Wiji, dada yangu, wewe nawe! Bata huyo kamfundisha mwanao kujumlisha na kutoa, leo unamwogopa? Mwambie tu yaishe. Za wanangu ziko hapo chini ya ngazi, hata kuku wangu wanazijua."

"Ya Damar ilibaki hospitali."

"Hospitali gani hiyo yenye uchoyo?"

Wiji akaingia ndani, akafunga mlango.

Miaka hiyo studio ya Bu Kinasih, yule mama aliyelitunga gemu hilo, kule mjini Yogya, ilikuwa imestawi. Ilianzia chumba kimoja juu ya kinyozi, sasa ilikuwa na jengo zima. Bata Wiru na kibanda chake cha chakula walichorwa kwenye mabegi, kwenye chupa za maji, hata kwenye makoti ya mvua. Watoto walimsaidia kuuza wali, wakahesabu chenji, wakasoma majina ya viungo, na walimu wakasifu. Ila Bu Kinasih mwenyewe hakuonekana akicheka kwenye picha hata moja. Kila uso ule ulipotokea kwenye televisheni, Wiji alibadilisha stesheni.

"Mtu asiyefurahia mali yake," alimwambia Tumini, "anatafuta kitu kingine."

Kilichomtia shaka zaidi kilikuwa lango la mwisho. Mtoto aliyemaliza hatua zote alifika hapo, bata akamwimbia:

*Mwezi kaosha sahani, nyota kafuta vikombe, nani kabaki jikoni?*

Mtoto alitakiwa aimbe mstari unaofuata. Watoto waliimba kila kitu: mama, paka, mpishi, polisi. Lango halikumfungukia yeyote, si Salatiga, si Jakarta. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanalia. Walimu wakauliza wimbo huo ni wa wapi, asipatikane anayeujua. Wafanyakazi wakamsihi Bu Kinasih aubadilishe, akakataa. Wakaanza kuondoka, mmoja leo, mwingine kesho.

Hapo Wiji alipata pa kusemea. Akina mama walipokutana kwenye arisan, upatu wao, kabla hata chai haijamiminwa, alisimama.

"Jamani, gemu lisilokubali kushindwa na mtoto lina jambo. Linasikiliza sauti zao. Mnajua zinakwenda wapi? Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini najua hili: usikiache kitu kimsikilize mwanao kuliko unavyomsikiliza wewe."

Maneno hayo yaliruka toka simu hii hadi ile. Akina mama wakalifuta gemu. Shule nazo zikalitoa.

Wengine walimwona Wiji amezidi. Damar hakupigwa picha na wenzake darasani. Hakulala kwa rafiki hata siku moja. Mwalimu alipomuuliza sababu, Wiji alijibu kwa sauti ndogo, "Ninaye huyu tu, Bu. Nikinyang'anywa huyu, nizikeni." Mwalimu akafuta machozi kwa kitambaa, asiulize tena.

Siku moja Tumini alimjia mbio, simu mkononi.

"Wamefunga, Mbak! Jengo limerudi kwa mwenyewe. Kabaki Bu Kinasih na kompyuta moja tu, eti gemu ataliacha wazi mpaka mwisho wa pumzi zake. Haya, furahi. Umemla bata mzima mzima, hata manyoya hukubakiza!"

Wiji alicheka, jambo ambalo Tumini hakulizoea. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, alikwenda sokoni peke yake na kumwacha Damar kwa jirani.

Aliporudi, aliusikia wimbo wa bata tangu kwenye kona ya uchochoro. Kisha akaisikia sauti ya Damar ikijibu polepole, kama mtu anayeokota kitu gizani:

*Kabaki panya wa bibi, kachovya mkia chumvini.*

Kikapu kilimtoka mkononi.

"Limefunguka!" Tumini alipiga kelele. "Mbak, njoo uone, limefunguka! Kumbe wimbo ulimfundisha, ukatuficha sisi wote? Mjanja wewe!"

Nyuma ya lango hapakuwa na zawadi. Bata alitoweka, na simu ya Tumini ikaanza kupiga yenyewe. Iliita mara moja tu.

"Bagas?" ilikuwa sauti ya mwanamke, inatetemeka. "Bagas, ni wewe, baba?"

"Umekosea namba, mama," Tumini akasema, "huyu anaitwa Dam—"

Wiji aliinyakua simu, akaikata.

Tempe za Tumini hazijapoa, Wiji alikuwa kituo cha basi na begi moja, amemshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka vidole vyake vimepauka.

"Mama, Bagas ni nani?"

Wiji alimvuta kwenye foleni ya tiketi. Alikuwa akimtafutia jina la tatu, na akijikaza asiikumbuke ile asubuhi sokoni Klaten, Kinasih alipogeuka kidogo tu kuchagua pilipili, na mtoto akabaki kwenye mkeka nyuma yake, akijiimbia ule wimbo wa panya, karibu kabisa na mkono wa Wiji.