Upande wa Pili

Mwanakombo alimpelekea fundi Shebe kanga yake ya zambarau, imetoboka begani. Zamani ilikuwa doti nzima. Yeye na mdogo wake Zuhura waliikata, kila mmoja akachukua upande wake. Kisha waligombana, wakanuniana miaka.

"Nitilie kiraka, fundi. Hii siitupi."

Fundi alizamisha mkono ndani ya gunia la mabaki ya vitambaa, taratibu, kama mtu anayepapasa maji. Akaibuka na kipande cha zambarau chenye maua yale yale, kimepauka vile vile.

Mwanakombo alikichukua upesi. "Umekitoa wapi?"

"Cha Bi Zuhura hicho. Kaniletea kanga kuukuu nimshonee mbeleko, alitaka kitu laini. Kapata mjukuu."

"Mjukuu gani?"

"Wa kike."

Mwanakombo alikiweka kile kipande shavuni. Kilinukia udi wa kwao.

"Nikishone sasa?"

"Usikishone. Mwenyewe ana sindano."

Akajitanda kanga na tundu lake, akashika njia asiyoipita tangu ugomvi ule. Jua likapenya tunduni, likamlalia begani, dogo na la moto, kama kichwa cha mtoto mchanga.