Jiwe la Mwanakheri

Wakubwa wa baraza walikichungulia kijito kutoka darajani, bila hata kushuka garini, wakaandika kwamba kimekufa, kifukiwe. Mzee Shaame alikuwa amewalaani mpaka amechoka.

Leo Daktari Zuhura, mtafiti wa vijito, aligusa jiwe alilofulia nguo marehemu mke wa mzee, Mwanakheri. "Baba, naomba nilipindue."

"Halijaguswa tangu afariki."

"Kamba wa mtoni hujificha chini. Nikimpata mwenye mayai, itathibitika kijito kiko hai, na baraza haliwezi kukifukia."

Mzee alivua viatu, akaingia majini, akalipindua mwenyewe. Kamba watatu walirukaruka, matumbo yamejaa mayai.

Mzee alimgeukia Zuhura. "Andika. Na hao wenye magari uwaambie waje walowe."

Akalirudisha jiwe taratibu, upande wa kufulia juu, akabaki ameliwekea mkono, maji yakipita kati ya vidole.