Meno ya Nailoni

Mganga aliinamia mtoto mchanga aliyekuwa akiungua kwa homa mapajani mwa bibi yake. Mkononi alishika spoku ya baiskeli iliyonolewa. "Haya ni meno ya nailoni, ndiyo yanayomletea homa. Nisipoyachokoa, atakufa."

Kemirembe alikuwa daktari wa meno, amekuja Kaisho kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamili. Profesa wake alimwonya atazame tu, asiingilie.

Kemirembe akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akaufunika ufizi ule laini.

"Hili ni jino lake la kawaida, bado halijaota. Ukitaka kumchoma, anza na kidole changu."

"Akifa je?" bibi aliuliza.

"Lawama iwe yangu, bibi. Tumpeleke zahanati."

Bibi aliinuka, akamfungia Kemirembe mtoto mgongoni kwa kanga.

"Basi tangulia," alisema, "nikuone ukitembea."