Kitambaa cha Bombani

Siku hiyo mjinga alikuwa Zabron mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya maji pale Idodi, wala hakuna wa kumsingizia.

Akina mama waligoma kuchota mpaka tangi lisafishwe. Yeye akakifungua kitambaa walichofunga mdomoni mwa bomba kuchujia maji, akakitupa. "Mnakiaibisha kijiji!" Akakinga kikombe, akagugumia mbele yao.

Kitu laini chenye utelezi kikamgusa kaakaa, uvundo ukampanda puani. Akakitemea kiganjani: kijiguu cha chura, cheupe kwa kuoza, ngozi ikiambuka.

Akafumba mkono haraka. "Jani tu hili, mama zangu."

Mama wa mbele akamfumbua vidole, akatazama.

"Haya, mwenyekiti. Kama ni jani, lirudishe mdomoni ulitafune, na sisi tuchote."