Hotuba ya Kadzo

Siku ya Wanawake, meneja wa ghala la chai kule Mbaraki alimpa Kadzo karatasi awasomee wanawake wenzake wanaofunga pakiti, wapigwe picha.

"Zaidi ya miaka mia iliyopita," Kadzo alisoma, "wanawake wa viwandani waliandamana kudai saa chache za kazi na malipo bora. Hiyo ndiyo asili ya siku hii."

Kule nyuma, mwenzao mjamzito alimwomba bawabu amfungulie aende msalani.

"Subiri mpaka saa sita," bawabu alijibu, na mlango ukabaki na kufuli, kama kila siku.

Jasho la vidole vya Kadzo likalowesha karatasi mpaka wino ukasambaa.

"Endelea, bibie," meneja alisema.

"Nimemaliza kusoma. Sasa tufungulie mlango."

Wanawake arobaini wakainuka kwenye mabenchi.